Nakuam wa Utepe wa Njano

Nakuam, mama wa mbuzi, hasahau kitu. Mbuzi aliyemuuza mwaka ule wa kiangazi kikubwa atakutajia rangi yake, mama yake, mtu wa Garbatulla aliyemnunua, na kofia aliyokuwa amevaa mtu huyo. Nimekuwa jirani yake sokoni miaka kumi na mitano, na hajasahau hata neno moja baya nililowahi kumwambia. Na maneno hayo si machache.

Mimi naitwa Mworia. Nauza miraa hapa Bulla Pesa, mjini Isiolo, kwenye kona ya njia inayokwenda soko la mifugo. Watu husema nina hasira. Sina hasira, sipendi ujinga tu, na ujinga kwenye barabara hii haujawahi kupungua. Asubuhi Nakuam hupita mbele ya meza yangu na mbuzi wake, ananiuliza kama meno yangu bado yapo, namuuliza kama mbuzi hao wana ukoo au ameokota tu, halafu siku inaanza vizuri.

Yeye ni Mturkana wa Ngare Mara, hapo nje kidogo ya mji. Alipokuwa mdogo ndugu yake alipelekwa shule, yeye akapewa mbuzi achunge. Anasema bila uchungu kwamba ndugu yake alipata kalamu, yeye akapata mbuzi sitini, na mpaka leo ndugu ndiye anayekuja kuomba nyama. Baba yake alimfundisha chapa, ile alama ya moto inayochomwa kwenye ngozi ya mnyama. Waturkana wanaiita emachar, na kila ukoo una yake. Kufika miaka kumi, Nakuam alikuwa akitazama ngamia wa watu wakipita kwenye vumbi, anakuambia yule wa tatu si wao, amechanganyika tu njiani. Aliolewa, akazaa watano, wa kwanza Lodio, ndiyo maana sote tunamwita Mama Lodio. Mumewe alipofariki alihamia plot moja hapa Bulla Pesa, akaanza kununua na kuuza mbuzi, na mbuzi hao wakasomesha watoto wote. Kanisani yeye ndiye anayeanzisha nyimbo, beti zote kichwani.

Sasa, huyu kitinda mimba wake, Nakiru, ambaye ni nesi, akapata mchumba. Mchumba ni Mwiti, kijana wetu wa Kimeru, fundi wa pampu za maji. Januari familia mbili zikakutana kunywa chai na kupanga harusi. Mimi niliitwa kama mzee wa Kimeru anayewajua Waturkana, ingawa ukweli ni kwamba namjua mmoja tu, na huyo ananitosha.

Kanisani kwetu kuna desturi yetu wenyewe. Siku ya harusi, somo la kwanza husomwa na mama wa bibi harusi, na la pili na mama wa bwana harusi. Mama yake Mwiti ni Gacheri, mkuu wa shule mstaafu, mwenye miwani ya kamba shingoni. Kwa heshima kabisa, akasema kama upande wa pili watapenda, yeye ana binti anayesoma vizuri sana na anaweza kuwasaidia. Hakusema kwa ubaya. Lakini nyumba nzima ilielewa anachosema, na Nakiru akaangalia chini.

Nakuam akaweka kikombe mezani. Akasema, "Somo la mtoto wangu nitasoma mwenyewe."

Harusi ilikuwa imepangwa Jumamosi ya pili ya Desemba. Nakuam alikuwa na miaka hamsini na sita, na hakujua a wala be.

Kesho yake akaja mezani kwangu akaniambia twende ngumbaru, yaani darasa la watu wazima. Mimi niliacha shule darasa la pili kwa sababu zisizokuhusu, na nilikuwa nimeishi vizuri tu. Nikakataa. Akaanza kunitajia yale maneno mabaya niliyomwambia tangu tujuane, kwa mpangilio, akianza na mwaka wa kwanza. Alipofika la tatu nikakubali.

Darasa lilikuwa kwenye chumba cha shule ya msingi, saa nane mpaka saa kumi, watoto wadogo wakishaenda nyumbani. Madawati ni yale ya watoto, na ukikaa magoti yanafika kidevuni. Mwalimu wetu alikuwa Karwitha, msichana mwenye bidii, sauti ndogo na chaki nyingi. Tulikuwa kumi na moja. Kati yetu alikuwa Boru, Mborana kutoka Kinna, mlinzi wa ghala moja hapa mjini, mzee mpole ambaye hakosi salaam. Miezi mitatu ya kwanza tulienda polepole, herufi ubaoni, daftarini, mdomoni. Nakuam aliteseka. Herufi zilimkimbia. Lakini hakukosa siku hata moja, na akaanza kuzishika mbili tatu.

Halafu Aprili Karwitha akaitwa semina. Siku mbili, hoteli nzuri, chai ya saa nne na samosa. Shirika fulani lilikuwa limeleta mtaalamu, naye akawaambia walimu kwamba kila mtu amezaliwa na njia yake ya kujifunza. Kuna watu wa macho, watu wa masikio, na watu wa mikono. Ukimfundisha mtu wa masikio kwa macho, unamtesa bure. Mjue kwanza, halafu umpe kwa njia yake, na kila kitu kitaingia.

Maneno hayo ni matamu, nakubali. Hata mimi yalinipendeza. Nani asiyependa kuambiwa kwamba kosa halikuwa lake tangu darasa la pili?

Karwitha alirudi na karatasi ya maswali thelathini na tepe za rangi tatu. Akatuuliza mmoja mmoja. Mimi akaniuliza, nikinunua redio mpya, je, naangalia picha za maelezo, namwuliza mtu anieleze, au naanza kubonyeza? Nikamwambia nampelekea fundi. Nakuam akaulizwa, akikutana na mtu mgeni, anakumbuka zaidi sura yake au jina lake. Akajibu anakumbuka mbuzi wake. Mwalimu aliandika hayo yote, akajumlisha, na Jumatatu tukafungwa tepe mkononi.

Bluu ni macho, njano ni masikio, nyekundu ni mikono. Mimi nikawa mwekundu, kwa sababu nafunga miraa haraka kuliko mtu yeyote Isiolo, jambo ambalo ni kweli. Boru akawekwa kwenye macho. Boru! Juzi yake alikuwa ameutolea mlingoti wa stima salaam aleikum akidhani ni mimi. Lakini kwa kila swali alijibu kwamba anapenda kuona kwanza, na maskini, kuona ndiko alikokutamani. Nakuam, bila ubishi wa mtu yeyote, akapewa njano.

Basi tukagawanyika. Watu wa bluu walikaa mbele ya chati za picha. Sisi wekundu tulipewa udongo, tufinyange herufi. Mtu mzima, mwenye wajukuu, nafinyanga mbuzi. Si mbuzi mwenyewe, neno lake. Wiki nzima nilifinyanga neno hilo moja mpaka nikaliota, na wateja wangu wakaanza kuuliza kwa nini miraa ina matope.

Nakuam ndiye aliyefurahi kuliko wote. Hakuna tena ubao wala daftari. Karwitha alimrekodia hadithi kwenye simu yake ndogo, hadithi fupi alizotunga mwenyewe. Nakuam alizisikiliza sokoni katikati ya mbuzi, simu ikiwa imefungwa kwenye leso. Baada ya siku mbili anarudi darasani, anapewa karatasi ya hadithi ile, anaishika, na hadithi inatoka yote, sauti juu, sauti chini, bila kukwama. Tulibaki midomo wazi. Mwalimu alipiga makofi mpaka chaki ikaruka. Wiki moja hadithi moja, halafu mbili, halafu tatu. Nakuam alitembea mjini na ule utepe wake wa njano kama amepewa nishani, na mimi, Mungu anisamehe, nikamwonea wivu.

Mwisho wa Agosti yule mtaalamu wa semina akaja kuona matunda ya kazi yake. Darasa likafagiliwa. Karwitha alikuwa na karatasi za hadithi mezani, Boru akapita karibu, akazigonga, zikaanguka zote sakafuni. Tukaziokota haraka haraka bila mpangilio. Mgeni akaingia, akasalimia, akaomba mmoja wetu asome. Nakuam akainuka, akachukua karatasi ya juu na kusoma hadithi ya mbuzi mwekundu aliyepotea njia ya Kinna. Alisoma vizuri ajabu. Mgeni alimpiga picha tatu.

Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni pake. Sikujua kusoma mengi, lakini neno mbuzi nililijua, si nililifinyanga wiki nzima? Hadithi ile ina mbuzi kila mstari. Nikaitazama karatasi aliyoshika. Nikatafuta mbuzi juu, katikati, chini. Hakuna mbuzi. Kulikuwa na picha ya mahindi.

Sikusema kitu mbele ya mgeni. Watu hudhani siwezi kunyamaza, lakini naweza, inaniuma tu. Niliondoka nikiwa na hasira, nikidhani mama huyu ametufanya wajinga miezi minne. Asubuhi nikamfuata sokoni, nikamwambia wazi kwamba jana alisoma mbuzi kwenye karatasi ya mahindi.

Hakukasirika. Alishangaa. Akaniuliza, "Kwani wewe ukisoma unafanya nini?"

Nikamweleza kwamba naangalia herufi hii, halafu hii, nazitamka, nazisukuma, neno linatoka.

"Mimi nashika karatasi, maneno yanakuja yenyewe," akasema. "Nilijua ndio kusoma. Nilijua nyinyi wote mnafanya hivyo."

Hasira yangu yote ikaisha. Mama wa watu hakudanganya mtu. Alipewa hadithi sikioni, akapewa karatasi ashike, akazitoa zile hadithi vile zilivyoingia, na sisi tukampigia makofi. Nani alimwambia kuna kitu kingine? Nikaokota kijiti, nikaandika pale chini kwenye vumbi jina la Nakiru, herufi kubwa, moja moja. Nikamwuliza hapo pameandikwa nini. Aliinama, akatazama sana. Mbuzi mmoja alitaka kupita juu yake, akamfukuza. Mwishowe akasema hajui.

Nikamwambia, "Ni mtoto wako."

Akakaa chini, pale pale kwenye mavi ya mbuzi. Niliumia, na nikaikasirikia dunia nzima, ile semina na samosa zake ndani. Baada ya muda akapangusa macho, akaniuliza Desemba imebaki miezi mingapi. Nikamwambia mitatu na siku kidogo. Akasimama, akaacha mbuzi kwa jirani, tukaenda kwa mwalimu.

Karwitha alitusikiliza mpaka mwisho, uso ukimbadilika. Halafu akafanya kile ambacho hata mimi ningefanya. Alimwambia Nakuam asiwe na wasiwasi. Atamwomba padri ataje somo la harusi mapema, atalirekodi, na Nakuam atalishika kwa siku mbili. Atasimama, atashika kitabu, atalisema lote. Hakuna atakayejua. Na ni kweli, hakuna ambaye angejua. Mimi kimoyomoyo nikasema sawa, imekwisha, twende nyumbani.

"Nakiru hatajua?" Nakuam akauliza.

"Hatajua, Mama Lodio."

"Na mama yake Mwiti?"

"Hata yeye."

"Basi tutakaojua ni sisi watatu na Mungu," akasema. "Nyinyi wawili mtasahau. Mimi sisahau."

Karwitha akaona aibu. Akafungua droo, akatoa utepe wa bluu. Akasema labda ni yeye aliyekosea maswali. Mtu anayejua chapa za mifugo wa koo zote hizi bila shaka ni mtu wa macho, sasa abadilishe rangi tu. Nakuam hakuupokea. Aliufungua ule wa njano mkononi akauweka mezani, na hapo ndipo aliposema maneno ambayo mimi nimeyarudia kwa wateja wangu mpaka wengine wamehamia meza nyingine.

"Mwalimu, chapa niliijua kwa macho kwa sababu chapa iko kwenye ngozi. Wimbo niliujua kwa masikio kwa sababu wimbo hauko kwenye ngozi. Kukamua nilijua kwa mikono. Na mtu ni mimi huyu huyu. Baba hakuniuliza mimi ni mtu wa nini. Aliangalia kitu chenyewe kinakaa wapi, akanipeleka hapo. Sasa hizi herufi zinakaa wapi?"

"Kwenye karatasi," Karwitha akasema polepole.

"Basi nipe karatasi."

Jumatatu iliyofuata Karwitha alisimama mbele yetu bila chaki mkononi. Akasema wikendi yote amesoma kwenye simu yake habari za hizo njia tatu. Kumbe watu wamelipima jambo hilo miaka mingi, nchi nyingi. Wamegawa wanafunzi hivi hivi, wakafundisha kila mmoja kwa njia inayoitwa yake, wakawalinganisha na wengine, na ile faida waliyoahidiwa hawakuiona. Kila mtu ana anachopenda, hilo ni kweli. Lakini kupenda njia si kusema utajua zaidi ukipita hapo. Akasema alikosea na anaomba msamaha. Mwalimu anayeungama mbele ya watu wazima wenye midomo kama yetu si mwalimu wa kawaida, na tangu siku hiyo mimi humfungia miraa ya baba yake kwa mikono yangu mwenyewe.

Halafu akasema simu nayo haiamini moja kwa moja, tujipime sisi wenyewe. Akachukua maneno ishirini mapya. Kumi alitufundisha kwa tepe zetu kama zamani. Kumi mengine alitufundisha sote kwa pamoja, liangalie, litamke, liandike, kesho yake ulirudie. Wiki ikaisha, akatuita mmoja mmoja. Katika yale ya tepe mimi nilisoma manne, Boru mawili, Nakuam hata moja. Katika yale mengine mimi nilipata manane, na Boru, ambaye Karwitha alikuwa amempeleka kliniki ya macho akapewa miwani, akapata saba. Dawa ya Boru haikuwa utepe hata kidogo. Nakuam alipata matano.

Matano! Alitoka pale akiyataja barabara nzima kwa kila aliyekutana naye. Utepe wa njano, ambao mwalimu alimrudishia, aliufunga kwenye shingo ya mbuzi, mtu wa Kinna akamnunua mbuzi huyo, akakataa kuondoka kama utepe utatolewa.

Usidhani baada ya hapo ilikuwa mteremko. Septemba ilikuwa ngumu, Oktoba ikawa ngumu zaidi. Yale masikio yake mazuri sasa yalikuwa yanamponza, kwa sababu akisoma maneno mawili ya kwanza kichwa kinamalizia mstari kabla macho hayajafika, na kinamalizia vibaya. Karwitha akampa kipande cha boksi afunike mstari, awe anakisogeza kidogo kidogo, asione mbele. Siku moja alitupa daftari mpaka kwa jirani. Siku nyingine alilia, akasema wazi anaogopa kumwaibisha mtoto wake mbele ya watu. Nikamwambia basi mimi nitasoma badala yake, nivae na gauni. Akacheka, akafungua daftari tena.

Na kidogo kidogo ikaja. Kutoka kanisani mpaka sokoni ni dakika kumi, lakini kutembea na Nakuam mwezi wa Novemba ilikuwa saa nzima, kwa sababu hakuna kibao alichopita. Alisoma duka la dawa, kinyozi, hoteli, gunia za unga, fulana za vijana vifuani mpaka vijana wakaona haya. Siku moja akasimama mbele ya meza yangu, akaweka kidole kwenye kibao changu, akasoma herufi kwa herufi: miraa safi. Akasema hayo ni ya uongo lakini ameyasoma. Nilifurahi mpaka nikampa chai ya bure, kitu ambacho sijawahi kumfanyia mtu.

Wiki mbili kabla ya harusi alikwenda kwa katekista Ekitela na ombi ambalo Ekitela alidhani ni mzaha. Alitaka Ekitela achague somo yeye mwenyewe, aweke alama kitabuni pa kuanzia, na asimwambie mtu, hasa yeye Nakuam. Nakiru aliposikia alikuja mbio, akambembeleza mama yake aombe hata kujua linaanzaje. Nakuam akakataa. Alisema akilisikia mara moja tu limeingia, na likishaingia hatajua tena kama anasoma au anakumbuka. Nakiru akalia kidogo, akamkumbatia, akarudi kazini.

Jumamosi ikafika. Kanisa lilijaa, Wameru upande huu na shanga zao za kisasa, Waturkana upande ule na shanga zenyewe hasa, Boru nyuma na miwani yake amekuja kwa heshima ya jirani. Gacheri alikaa mbele. Pembeni yake alikuwa yule binti anayesoma vizuri, amejiandaa, kama litatokea la kutokea. Nilimwona Nakuam akimwona.

Akaitwa. Akapanda. Ekitela akamfungulia kitabu, akamwonyesha pa kuanzia kwa kidole, akarudi nyuma. Nakuam akatoa kipande chake cha boksi kwenye kifua cha gauni, akakiweka kwenye mstari.

Alisoma neno moja. Akasogeza boksi. La pili. Haikuwa ile sauti tamu ya hadithi za simu, ilikuwa sauti ya mtu anayevuka mto akikanyaga jiwe moja moja. Mstari wa kwanza ukaisha. Wa pili. Kwenye wa tatu akafika kwenye jina la mtu wa zamani, refu, lenye herufi zisizopendana. Akasimama. Tukangoja. Wanakwaya, ambao walimpenda na walilijua jina lile, wakaanza kumnong'onezea.

Akainua kidole bila kuinua macho. "Nyamazeni," akasema. "Naliona. Linakuja."

Likaja. Lilikuja vipande vitatu, akaviunganisha, akalirudia zima. Kutoka hapo hakusimama tena. Mistari ikaenda, mmoja baada ya mwingine, mpaka Padri akafunga macho kwa shukrani maana somo lilikuwa limefika mwisho wake. Kwaya ikasimama iimbe.

Lakini Ekitela alikuwa ameweka alama ya pa kuanzia tu. Pa kuishia hakuna aliyemwambia. Nakuam akasogeza boksi, akaendelea. Akapita mwisho wa somo, akaingia habari nyingine kabisa ambayo haikuhusu harusi wala watu wa harusi, ya vita na hesabu ya makabila, akaisoma kwa uangalifu ule ule. Kwaya ikakaa. Padri akatazama saa. Nakiru, ndani ya shela, alikuwa anacheka na kulia pamoja, amemshika Mwiti mkono. Ekitela akajongea pole pole amguse mama mkono wa gauni.

Gacheri akainuka kutoka kiti cha mbele. Miwani alikuwa ameivua, anaifuta.

"Katekista," akasema, "mwache mama asome."

Ekitela akarudi nyuma. Nakuam alisoma ukurasa wote mpaka chini, akafunga kitabu, na vigelegele vilivyopigwa pande zote mbili nadhani vilisikika mpaka Ngare Mara. Chakula tulikula saa kumi jioni, na hakuna aliyelalamika, hata mimi.